Walio Mikononi mwa Wengine: Kwa Nini Ulinzi wa Wasiojiweza Hushindwa

Tarehe 31 Mei 2011, kipindi cha Panorama cha BBC kilirusha picha zilizonaswa kwa kamera ya siri ndani ya Winterbourne View, hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji karibu na jiji la Bristol, Uingereza. Watazamaji walimwona mgonjwa amebanwa sakafuni chini ya kiti, na mhudumu amekalia kiti hicho. Walimwona mwanamke akimwagiwa maji ya bafu akiwa na nguo zake mwilini, kisha akimwagiwa tena nje, kwenye baridi. Kesho yake swali lilikuwa moja mitaani na bungeni: ilikuwaje asijue mtu?

Waliojua walikuwa wengi. Ripoti ya uchunguzi iliyoandikwa na Margaret Flynn mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika miaka mitatu hivi kabla ya kipindi kile, halmashauri ya eneo ilikuwa imepokea taarifa 40 za wasiwasi kuhusu wagonjwa wa pale, polisi walikuwa wamehusishwa katika matukio 29, na wagonjwa walikuwa wamepelekwa idara ya dharura ya hospitali ya umma zaidi ya mara 70. Kumbukumbu za hospitali yenyewe zilikuwa na matukio zaidi ya 500 ya wagonjwa kukamatwa na kubanwa kwa nguvu katika muda wa miezi 15. Halmashauri ilitazama taarifa mojamoja, polisi kesi mojamoja, daktari jeraha mojamoja. Hapakuwa na ofisi ya kuzijumlisha.

Tangu wakati huo Uingereza imetunga sheria mpya, imebadili taratibu za ukaguzi na imewafunga watu, lakini picha za namna hiyo zimerudi tena na tena. Mjadala huo unatugusa Afrika Mashariki pia, kwa kuwa ndugu zetu wengi wamekwenda huko kufanya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, na kwa kuwa matunzo ya kulipia yanazidi kuenea katika miji yetu. Kila habari mbaya ikitokea, wananchi hugawanyika: huyu anataka vifungo virefu, yule anataka wakaguzi, mwingine anataka kamera kila chumba, na wapo wanaosema nyumba hizo zifungwe tu, kila mtu akatunzwe na watu wake. Kila upande una hoja ya kweli, na kila upande una kitu unachokiruka.

Madhara yenyewe ni yapi

Picha za kamera za siri zimetufanya tuamini kwamba unyanyasaji ni kofi na matusi. Hayo yapo. Lakini takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba aina ya madhara inayoripotiwa zaidi ni kutelekezwa: mtu kutopewa anachokihitaji kwa wakati anaokihitaji. Katika mwaka wa 2022/23 halmashauri za Uingereza zilipokea taarifa zaidi ya 580,000 za wasiwasi kuhusu watu wazima, na takriban theluthi moja zilifikia uchunguzi rasmi. Mahali palipotajwa mara nyingi zaidi katika chunguzi hizo hapakuwa katika nyumba za wazee. Palikuwa nyumbani kwa mhusika mwenyewe. Hili liwekwe akilini na kila anayesema nyumbani ni salama siku zote.

Kutelekezwa hakuhitaji mtu mwenye roho mbaya. Chukua zamu ya usiku ambako wahudumu wawili wana wazee 30, na 10 kati yao hawawezi kujigeuza kitandani. Wauguzi wengi wamefundishwa kwamba mtu wa namna hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asije akapata vidonda vya mgandamizo kwenye nyonga na visigino. Kumgeuza mtu mmoja kwa heshima, watu wawili wakisaidiana, kumfuta, kumbadilisha nepi na kumnyoosha shuka, ni kazi ya dakika 10. Watu 10 ni dakika 100. Zimebaki dakika 20 kwa wazee 20 wengine, kabla mzunguko haujaanza upya, na bado kuna kengele zinazolia, dawa za kugawa na daftari la kujaza. Mmoja akianguka chooni, hesabu yote imevurugika. Asubuhi daftari litaonyesha kwamba kila mtu aligeuzwa saa nane na saa kumi, kwa sababu nafasi ya kuandika ukweli haikuwekwa. Kidonda kitakapoonekana wiki tatu baadaye, atatafutwa mhudumu wa kulaumiwa, na aliyepanga zamu ya watu wawili hatatajwa.

Kwa hiyo makosa haya yana ngazi. Kuna la mtu anayepiga, la nyumba inayopunguza wafanyakazi ili ibaki na faida, na la serikali inayolipa chini ya gharama halisi au inayolipa bila kuuliza inanunua nini. Winterbourne View ilitoza wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa, fedha za umma, kwa hiyo huwezi kusema ilikosa fedha. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa zaidi ya kilomita 60 kutoka kwa jamaa zao. Jamaa walipofika, walipokelewa katika sebule ya wageni na hawakuruhusiwa kupanda juu kwenye wodi walikolala watu wao. Fedha ziliingia, macho ya nje yalizuiwa mlangoni. Pale ambapo vitu hivi viwili vinakutana, sioni cha kushangaza katika yaliyofuata.

Hoja ya kwanza: sheria kali na vifungo

Wanaotaka adhabu wana msingi. Jamii isipomwadhibu anayemtesa mtu asiyeweza kujitetea, inatangaza kwamba mtu huyo ni wa daraja la chini. Baada ya Winterbourne View, watumishi 11 walihukumiwa mwaka 2012, sita kati yao kwa kifungo. Wamiliki walikuwa wagumu kufikiwa. Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyoweka kosa la jinai la kutesa au kutelekeza kwa makusudi kwa mfanyakazi yeyote wa matunzo, na kosa la namna hiyo kwa kampuni inayoendesha huduma. Sheria ya Matunzo ya 2014, kifungu cha 42, nayo inailazimisha halmashauri kufanya uchunguzi pale inapokuwa na sababu ya kushuku kwamba mtu mwenye mahitaji ya matunzo anadhuriwa, au yumo hatarini kudhuriwa, na hawezi kujilinda kwa sababu ya mahitaji hayo.

Udhaifu wa adhabu ni kwamba huja nyuma ya madhara na huangukia wa chini. Mhudumu anayelipwa mshahara wa kima cha chini ndiye anayeonekana kwenye picha. Mkurugenzi aliyekata bajeti haonekani. Tena ushahidi ni mgumu. Mtu mwenye maradhi ya kusahau anaweza kukumbuka hofu na asikumbuke siku, na wakili wa utetezi anajua hivyo.

Sheria ya kulazimisha kuripoti nayo ina mitego yake. Australia iliweka wajibu wa nyumba za wazee kuripoti mashambulizi tangu 2007, lakini ikasamehe matukio ambayo aliyeshambulia ni mkazi mwenzake aliyepungukiwa na uwezo wa akili. Kwa mzee aliyevunjwa mkono, haimsaidii kitu kwamba aliyemvunja hakujua anachofanya. Naye alihitaji mtu wa kuwatenganisha. Tume ya Kifalme iliyochunguza huduma za wazee nchini humo ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2021, na tangu Aprili 2021 mpango mpya wa kuripoti ulianza kuhesabu matukio hayo pia pamoja na utelekezaji. Ukipanua wajibu huo wa kuripoti unapata tatizo jingine: simu inalia kwa kila mchubuko, na afisa mwenye mafaili 60 mezani anaanza kuyafunga bila kuyasoma.

Hoja ya pili: ukaguzi

Tume ya Ubora wa Huduma ya Uingereza, CQC, ilianza kazi Aprili 2009 kwa kuunganisha wadhibiti watatu waliokuwepo. Nguvu ya mkaguzi iko wazi: anaweza kuzuia leseni, kupunguza idadi ya wakazi na hata kufunga nyumba, mambo ambayo familia moja yenye malalamiko haiwezi. Bila leseni na ukaguzi, mtu yeyote mwenye nyumba ya vyumba vinane na bango getini ni mtunza wazee.

Lakini mkaguzi anaona siku moja. Anaona karatasi, na karatasi ndizo rahisi kuliko vyote kuzitayarisha. Whorlton Hall, hospitali nyingine ya watu wenye ulemavu wa akili huko County Durham, ilipewa na CQC daraja la "nzuri" mwaka 2017. Mwaka 2019 Panorama ilionyesha wahudumu wakiwadhihaki na kuwatisha wagonjwa wa pale, na mwaka 2023 wanne kati yao walitiwa hatiani. Linaloumiza ni kwamba mwaka 2015 mkaguzi wa tume yenyewe, Barry Stanley-Wilkinson, alikuwa ameandika ripoti yenye wasiwasi mzito kuhusu hospitali hiyo, na ripoti hiyo haikuchapishwa hadi baada ya kashfa. Mtu aliyetumwa kuona aliona, akaandika. Kilichokosekana ni ofisi yake kumwamini. Mwaka 2024 mapitio huru yaliyoongozwa na Penny Dash yalikuta tume hiyo ina kasoro kubwa: kaguzi zimepungua mno, na baadhi ya wakaguzi hawana uzoefu wa huduma wanazozikagua.

Ukaguzi, kwa maoni yangu, unastahili kubaki, ila kazi yake inafikia mwisho mapema kuliko wananchi wanavyodhani. Unaweza kukuhakikishia kwamba kuna njia ya kutorokea moto, kwamba dawa zimefungiwa kabatini, kwamba idadi ya wafanyakazi kwenye ratiba inatosha. Namna mzee anavyolishwa saa moja jioni, kijiko kwa kijiko au kwa kusukumiwa mdomoni, inajulikana na waliopo saa moja jioni.

Hoja ya tatu: kamera

Mwaka 2012 ilitangazwa picha iliyochukuliwa na binti mmoja wa London aliyeficha kamera ndani ya saa chumbani kwa mama yake mwenye Alzheimer, na mhudumu aliyempiga mama huyo akafungwa. Nyumba ilikuwa na sifa njema kwa mkaguzi. Jimbo la Texas, Marekani, limeruhusu kwa sheria tangu 2001 familia kuweka kamera katika vyumba vya wakazi. Ushahidi wa kamera haubishaniwi kirahisi, na hiyo ni faida kubwa kwa mtu ambaye maneno yake hayaaminiki.

Hata hivyo kamera inamtazama mama huyohuyo akivuliwa nguo na kuogeshwa. Nani atazitazama picha hizo, na nani alimwomba idhini? Na mhudumu anayejua anapigwa picha hataonyesha upole asio na muda nao. Ataonyesha haraka yenye adabu. Kamera inafaa pale ambapo mhusika, au anayemwakilisha kihalali, ameitaka kwa sababu maalumu. Ikiwekwa kila mahali ili kufidia upungufu wa wafanyakazi, itarekodi upungufu huo tu.

Hoja ya nne: nyumba zifungwe

Hii ndiyo hoja yenye mvuto zaidi kwetu, na ndiyo iliyoua watu wengi zaidi ilipotekelezwa vibaya. Msingi wake ni imara. Jengo lililofungwa, lililo mbali na jamaa, lenye watu wengi na wahudumu wachache, huzaa ubaya hata likiendeshwa na watu wa kawaida. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu unasisitiza haki ya kuishi katika jamii. Serikali ya Uingereza iliahidi baada ya Winterbourne View kwamba kufikia Juni 2014 kila mtu aliyewekwa hospitalini bila sababu ya kitabibu angekuwa amehamishiwa karibu na kwao. Ahadi haikutimia. Muongo mmoja baadaye, takriban watu 2,000 wenye ulemavu wa akili au usonji walikuwa bado katika hospitali za namna hiyo, kwa kuwa makazi madogo yenye wafanyakazi waliofunzwa hayakujengwa ya kutosha.

Afrika Kusini ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni iliyokuwa ikitunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kisasa: kupeleka matunzo kwenye jamii. Hoja ya fedha ilikuwa pembeni yake. Life Esidimeni ilikuwa ikilipwa randi 320 kwa mgonjwa kwa siku. Mashirika yaliyopokea wagonjwa yalipangiwa 112. Familia na SADAG, shirika la kutetea wagonjwa wa akili, walikwenda mahakamani kupinga. Wagonjwa wapatao 1,700 walihamishwa hata hivyo, wengi wao katika miezi michache ya mwaka 2016.

Ripoti ya Mchunguzi wa Malalamiko ya Afya, Profesa Malegapuru Makgoba, iliyotoka Februari 2017, inaeleza yaliyotokea. Baadhi ya mashirika yalifika kuwachukua wagonjwa kwa pikapu za wazi. Watu walihamishwa bila mafaili yao ya matibabu, na familia zilipofika kutembelea ziliambiwa jamaa yao hayupo, wala hazikuelezwa alikopelekwa. Mashirika yote 27 yaliyopokea wagonjwa yalikuwa na leseni zisizo halali. Malipo yalichelewa, kulikuwa na nyumba zilizokosa chakula, maji na mablanketi. Hesabu ya vifo, iliyoanzia 94 katika ripoti hiyo, ilifika 144. Mwaka 2018 Jaji Dikgang Moseneke, akiwa msuluhishi, aliamuru familia zilipwe fidia, na Julai 2024 uchunguzi wa kimahakama wa Jaji Mmonoa Teffo uliona kwamba aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, na mkurugenzi wa afya ya akili, Makgabo Manamela, walisababisha vifo tisa.

Nimekaa zaidi hapa kwa sababu hapa ndipo msamiati mzuri ulipotumika kufunika jambo baya. "Jamii" haikuwa na vitanda, haikuwa na wauguzi, haikuwa na fedha. Kufunga nyumba mbovu ni sahihi pale tu mahali pa kwenda pamekwisha kuwapo, pamekaguliwa, na mtu mwenyewe na watu wake wamepaona.

Ulinzi unapogeuka kifungo

Kuna gharama nyingine ambayo wapenda ulinzi hawaipendi kuitaja. Mlango ukifungwa kwa funguo ili bibi asitangetange barabarani, bibi amelindwa na amefungwa. Sheria ya Uingereza ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima ana uwezo wa kuamua mambo yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba uamuzi usio wa busara si dalili ya kukosa uwezo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Cheshire West, ilisema kwamba mtu anayesimamiwa muda wote na asiye huru kuondoka amenyimwa uhuru hata kama anatunzwa vizuri na hajalalamika. Jaji Hale aliandika kwamba tundu likiwa la dhahabu bado ni tundu. Hukumu ilikuwa ya haki, na ilizamisha ofisi: maombi ya idhini yalipanda kutoka takriban 13,000 kwa mwaka kabla ya hukumu hadi zaidi ya 300,000 mwaka wa 2022/23, na mengi hayakushughulikiwa ndani ya muda wa kisheria.

Janga la Uviko lilionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Kuanzia Machi 2020 milango ya nyumba za wazee ilifungwa kwa wageni ili kuwakinga na ugonjwa, na kwa miezi mingi macho ya familia yakaondolewa. Aprili 2024 Uingereza iliweka kanuni inayozitaka nyumba hizo kuruhusu wageni isipokuwa kwa sababu ya kipekee. Naiona kanuni hiyo kuwa miongoni mwa hatua nzuri kuliko nyingi za miaka hii, na haijagharimu karibu chochote.

Anayeona ni nani, na akisema inakuwaje

Rudi kwenye visa vilivyotajwa, uone habari ilitoka wapi. Kuhusu Winterbourne View, nesi mwandamizi Terry Bryan alimwandikia meneja Oktoba 2010, habari ikafika halmashauri, akaiandikia CQC pia, lakini hakuna hatua yoyote ya maana iliyochukuliwa. Ndipo akaenda BBC. Ndivyo ilivyokuwa Sweden pia: mwaka 1997, msaidizi wa wauguzi Sarah Wägnert alisema katika televisheni kuhusu wazee waliokuwa wakitunzwa vibaya, wengine wakiwa na vidonda vya mgandamizo, katika nyumba ya Polhemsgården huko Solna. Tofauti ni kilichofuata. Sweden iliingiza katika sheria, kuanzia 1999, wajibu wa kila mfanyakazi wa huduma hizo kuripoti matunzo mabaya, na watu wakauita Lex Sarah, kwa jina lake. Mfanyakazi wa ngazi ya chini alipewa kauli kwa sababu ya kazi yake, akaacha kuwa msaliti wa mwajiri.

Uingereza inayo sheria ya 1998 ya kuwalinda wanaofichua maovu, lakini kinga yake hufanya kazi mahakamani baada ya mtu kufukuzwa. Kisha, Februari 2022, kwa upungufu mkubwa wa wafanyakazi, nchi hiyo ilifungua viza kwa wahudumu wa kawaida kutoka nje. Mwaka 2023 pekee viza zaidi ya 140,000 za kazi za afya na matunzo zilitolewa kwa wafanyakazi wenyewe, bila kuhesabu wategemezi. Wamo Wakenya, Waganda na Watanzania waliouza shamba au kukopa ili kulipa mawakala. Viza hiyo imefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukifukuzwa, au leseni ya mwajiri ikifutwa, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwajiri mwingine mwenye leseni au uondoke. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ulifungwa.

Mweke dada wa Kisii au wa Moshi katika zamu ile ya usiku ya watu wawili na wazee 30. Anaona mwenzake anamvuta mzee kwa mkono. Anaona meneja anamwambia ajaze daftari kwamba wote waligeuzwa. Akiripoti, nyumba inaweza kupoteza leseni. Leseni ikienda, viza yake inakwenda, na deni kule nyumbani linabaki. Unaweza kumpa mafunzo ya kila mwezi na namba ya simu ya bure ukutani. Hesabu yake haibadiliki. Nchi iliyomweka mtu huyo mahali hapo imejinyima shahidi wake bora, na imemnyima mzee mtetezi wake wa karibu.

Na huku kwetu

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 iliiweka familia kuwa mtunzaji wa msingi, na serikali inaendesha makazi ya wasio na mtu: Nunge, Kolandoto, Bukumbi, Fungafunga na mengine, baadhi yake yakiwa yameanza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma. Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Wakazi wa makazi hayo ni wachache mno ukilinganisha na wazee wote wa nchi. Ukitaka kujua mahali hasa pa matunzo Afrika Mashariki, ingia chumba cha nyuma katika nyumba ya mjini ambako mama aliyepata kiharusi analala, na dada wa kazi wa miaka 19 ndiye anayemgeuza, anayemlisha uji na kumpa dawa, huku wenye nyumba wakiwa kazini hadi usiku.

Binti huyo hajafunzwa kunyanyua mtu mzima. Analala hapohapo, anakula hapohapo, mshahara wake unaweza kuchelewa miezi. Anajua kama pensheni ya mama inachukuliwa na kijana mkubwa, kama dawa ya presha imekwisha tangu wiki jana, kama mama hufungiwa ndani siku ya wageni. Akimwambia jirani, anarudishwa kwao. Amefungwa kama yule mwenye viza, ingawa yeye hakuvuka mpaka. Wala familia si ngao ya kutosha: katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yaliyotokana na miaka ya moshi wa jikoni yakichukuliwa kuwa ushahidi, na mara nyingine waliochochea walikuwa jamaa wenye tamaa ya shamba.

Mizani

Nikipima hoja hizi, naanza na idadi ya wahudumu kwa zamu, iandikwe katika masharti ya leseni na ihesabiwe usiku, kwa kushtukiza. Lifuate sharti la mlango ulio wazi: jamaa, marafiki, shekhe, mchungaji, mwanafunzi wa uuguzi, wafike hadi kitandani. Kisha mhudumu awe na wajibu wa kusema na kazi yake ilindwe tangu siku aliyosema. Kwa aliye Uingereza, hiyo ina maana viza iruhusu kuhama mwajiri. Kwa dada wa kazi, ina maana mkataba, na afisa ustawi wa jamii wa kata anayepita nyumba kwa nyumba akiwa na haki ya kuongea naye faragha, kama anavyoongea na mgonjwa. Taarifa za polisi, hospitali na ustawi wa jamii zikutane katika daftari moja la wilaya. Ukaguzi na adhabu vije juu ya msingi huo, na adhabu imfikie mwenye mali. Kamera iwe kwa idhini tu.

Umoja wa Afrika unao tayari Itifaki ya Haki za Wazee, iliyopitishwa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 4 Novemba 2024, ambayo inagusa matunzo ya nyumbani na ya makazi. Nchi zitakazotunga kanuni zake zitakutana na ugumu mmoja usiokwepeka. Wahudumu zaidi kwa zamu ni gharama zaidi, na kila shilingi inayoongezwa kwenye ada inaifukuza familia moja ya kipato cha kati, ambayo itamrudisha mzee chumba cha nyuma asikoonekana na mkaguzi yeyote. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Kiasi hicho ni kidogo mno kumlipa mhudumu wa kudumu. Ila kinapitia mikononi mwa mzee mwenyewe, kwa jina lake, na kila anapokwenda kukipokea, kuna mtumishi wa umma anayemwona kwa macho. Mtumishi huyo akifundishwa kuangalia visigino, uzito na hofu, na akapewa mahali pa kupeleka alichokiona, wilaya itakuwa na mkaguzi ambaye tayari inamlipa.